Kutu Chini ya Kapeti Nyekundu

Siku hizi watu wananijia gereji hapa Isiolo kuniuliza kama gari za zamani za Kimarekani, zile za spidi, za milango miwili na pua ndefu, ni za kuaminika. Mmoja alitoka Nanyuki, mwingine ni askari wa kambi ya upande wa Burat. Sijui nani aliwaambia mimi ni mjuzi. Nimeshughulikia moja tu maishani, na hiyo moja ndiyo ilikula ngamia wa dada yangu. Nawajibu, lakini nawajibu nikiangalia chini.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa na nitajaribu kutompunja mtu. Nimesoma mpaka darasa la saba, kuandika si kazi yangu, na pengine nitaweka jambo mahali ambapo si pake. Lakini kila nikisimulia kwa mdomo najikuta nimejipunguzia kosa kidogo. Kwa karatasi ni vigumu zaidi, kwa sababu unabaki ukiliangalia.

Mume wa dada yangu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Miaka mingi alipeleka ng'ombe na mbuzi Nairobi. Zamani, akiwa bado turniboi, msaidizi wa dereva, gari nyekundu ya Kimarekani iliwapita kwenye mlima wa kwenda Timau, kama vile lori lao lilikuwa limepandwa pale. Alinihadithia hiyo hadithi mara nyingi mpaka nikaijua kuliko yeye. "Shem, ile sauti," alikuwa akisema, "ile haikuwa sauti ya injini. Ni simba ameshiba anaongea na watoto wake." Alipoacha lori akasikia kwamba mzee mmoja, mfanyabiashara wa mifugo hapa mjini, ana moja kama ile ndani ya boma lake, imefunikwa turubai. Sijawahi kumlaumu kwa kuitaka. Mtu aliyekaa nyuma ya ng'ombe maisha yake yote ana haki ya kutaka kitu kimoja kisicho na faida.

Na yeye mwenyewe alisema iko na faida. Angeikodisha kwa harusi. Maharusi wa hapa wote wanabebwa na gari nyeupe za aina moja, huwezi kujua nani anaoa na nani anaenda kazini. Hiyo hoja haikuwa ya kijinga.

Ngamia walikuwa wa dada. Wanne, wa maziwa, waliachiwa mchungaji huko upande wa Kipsing. Maziwa yalifika kila asubuhi kwa pikipiki, ndani ya mtungi wa plastiki, na yeye alikaa na kina mama wengine akiyauza. Hao ngamia ndio walisomesha watoto wake, wala si lori. Ili gari inunuliwe ilibidi watatu wauzwe.

"Mimi sijui gari," aliniambia siku hiyo, akipimia mteja maziwa, bila kunitazama. "Na huyu bwana yangu hana macho tena, amependa. Wewe ndiye fundi. Enda na yeye, uangalie. Ukiniambia iko sawa, natoa ngamia. Ukisema haiko sawa, hata alie, sitoi."

"Hizo gari sijazizoea," nikamwambia.

"Umezoea chuma. Chuma ni chuma."

Mteja akacheka. Mimi pia nikacheka.

Tulienda asubuhi. Mzee alitupokea mlangoni. "Salaam aleikum, karibuni, karibuni." Shemeji yangu, ambaye huimba kwaya kanisani, akajibu "Aleikum salaam" kama alivyozoea sokoni, na tukapewa chai kwanza. Kisha turubai likatolewa. Sitaieleza sana. Ilikuwa nyekundu, rangi imefifia juu ya paa, na pua yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba shemeji yangu alitembea kutoka kwa taa mpaka kwa mlango kama mtu anayepima shamba. Usukani ulikuwa kushoto. Mzee akasema iliingia nchini zamani sana, wakati watu hawakuulizwa maswali mengi, na kwamba kabla ya kuja kwake ilikaa miaka Mombasa kwa kaka yake, nyumba iliyo karibu na maji.

Hapo ndipo ningepaswa kusimamisha sikio. Watu wa hapa tunaogopa jua na vumbi, kwa sababu ndivyo tunavyovijua. Chumvi hatuijui. Gari iliyolala karibu na bahari inaoza ikiwa imesimama, tena inaoza chini, mahali pasipo na rangi ya kuonyesha wageni.

Nilianza na injini, kama fundi yeyote, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Injini za V8 za wakati ule ni kama jiko la mawe matatu. Kabureta moja, plagi nane, waya unazoweza kuzihesabu, na nafasi ya kusimama ndani ya boneti ukifanya kazi. Nilitoa plagi, nikaangalia oili, nikaangalia maji kama yana mafuta. Tukaweka betri, ikashika. Shemeji yangu akafumba macho.

"Injini vipi, shem?"

"Injini iko sawa."

Na ilikuwa sawa. Hata leo nasema hivyo.

Ndipo nikaingia ndani ya gari, na wao wakabaki nje wakiongea. Kapeti ilikuwa nyekundu pia, safi, mpya kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nikaiinua mbele, karibu na pedali, na harufu ikatoka. Unyevu. Isiolo, mwezi wa kiangazi, unyevu! Chini ya kioo cha mbele gari hizi zina matundu ya kupitisha hewa, na majani na vumbi vikiziba njia, maji ya mvua ama ya kuosha gari yanaingia polepole na kulala sakafuni. Nikatoka, nikajilaza chini. Gari nyingi za aina hii hazina chesis, fremu ya chini, kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo chesis: kuna mihimili miwili ya bati, mitupu ndani kama masanduku, na hiyo ndiyo inashika mbele na nyuma zisiachane. Ilikuwa imepakwa lami nyeusi, inang'aa. Nikajiuliza, gari imelala chini ya turubai, nani ameipaka lami, na ya nini? Nikasukuma bisibisi upande wa kushoto, chini ya kiti cha dereva. Iliingia kama kwenye ugali.

Nililala pale kidogo. Nilisikia wakiongea, halafu nikasikia wamenyamaza.

Nilipotoka, mikono yao ilikuwa tayari chini ya shuka.

Kwa asiyejua: katika soko letu la mifugo bei ya ngamia haitajwi hadharani. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, kitambaa kinafunikwa juu, na vidole ndivyo vinaongea. Nyuso zinaangalia kwingine, kama watu wawili wanaongoja mvua. Na mtu wa tatu hafungui mdomo mpaka mikono iachane. Nimewahi kuona mtu mzima akifukuzwa sokoni kwa fimbo kwa kusema "ghali" kando ya mikono isiyo yake. Sisi tuliokulia karibu na soko tulikatazwa hata kukohoa. Sikujua kama hao wawili wangefanya hivyo kwa gari, lakini wote walikuwa watu wa mifugo, na mkono ulikwenda wenyewe ulikozoea.

Basi nikasimama. Nilikuwa na bisibisi mkononi na unga wa kahawia kwenye ncha yake. Mzee alinitazama, tena si mara moja. Niliipangusa kwa suruali.

Mikono ikatoka. "Mungu aibariki," mzee akasema. "Amina," shemeji yangu akasema, na jasho lilikuwa linamtoka kama amebeba gunia.

Njiani akaniuliza, "Mbona ulikuwa kimya hivyo?"

"Mlikuwa mmeshikana."

"Lakini iko sawa ama?"

"Kuna kutu kidogo chini."

"Shem, hata mimi niko na kutu chini," akasema, akacheka peke yake mpaka barabarani.

Ningeishia hapo, ningesema ni desturi ilinifunga mdomo, na mtu angenielewa. Lakini jioni nilienda kwa dada. Ngamia walikuwa bado Kipsing, wazima, hakuna aliyeuzwa. Kwa dada hakukuwa na shuka.

"Haya, fundi. Niambie."

"Injini, sijaona nzuri kama hiyo."

"Kwa hivyo nitoe?"

Nikasema, "Hiyo ni yenu wawili." Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu niliyachagua. Yeye aliyasikia kama ndiyo. Mtu yeyote angeyasikia kama ndiyo.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilikuwa nimetoboa mahali pamoja tu, pengine kwingine kulikuwa na nguvu. Nilidhani naweza kuchomelea baadaye bila kelele. Nilijiambia, wewe wa darasa la saba, gari kama hii umeiona wapi, utaanzaje kuvunja furaha ya mtu? Na kuna hii pia, ambayo sipendi kuiandika: nilitaka gari ile iletwe gereji yangu. Nilitaka kuisikia tena.

Niwe wa haki kwa gari. Ilifanya kazi, na ilileta furaha. Ikipita mjini, vijana wa bodaboda walikuwa wanasimama. Usukani ukiwa kushoto, bibi harusi ndiye alikaa kulia, mahali pa dereva kwa gari za kwetu, na shela yake.

"Cheki, bibi harusi ndio anaendesha!"

"Na bwana harusi wamemkunja huko nyuma kama godoro!"

"Mzae, usukani imehama! Ripoti polisi!"

Shemeji yangu alipiga honi na kutabasamu kama waziri. Akitaka kupita lori hakuweza kuona mbele, kwa hivyo ilimbidi amuulize aliyekaa kulia. Bibi harusi mmoja alitoa kichwa dirishani na maua yake yote, akasema, "Pita, baba, iko wazi!" Hilo nawaambia wanaokuja kuuliza: ukinunua ya usukani kushoto, usisafiri peke yako.

Shida za kila siku zilikuwa zile za hapa kwetu. Joto la mchana lilichemsha petroli ndani ya bomba kabla haijafika kwa kabureta, gari ikazima katikati ya msafara na kina mama wakaendelea kupiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya sherehe. Nilifunga bomba kwa kitambaa na shemeji akawa anabeba chupa ya maji ya kukilowesha. Breki zilikuwa za ngoma, na kushuka kutoka Timau zilipata moto mpaka zikanuka. Rejeta nikaisafisha mara mbili. Hayo yote yana dawa. Spea hazipatikani hapa, lakini injini ile inakubali kubembelezwa. Unachonga, unafunga waya, inakusamehe. Kwa hivyo mtu akiniuliza kuhusu injini namwambia usiogope injini. Pedali ikikwama utaitengeneza. Sakafu hutaitengeneza.

Mihimili nayo? Nilisema nitaichomelea. Kila wiki kulikuwa na harusi ama kulikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli, ningeanza kuikwangua lami mbele ya shemeji angeniuliza nilijua lini.

Halafu kukawa na harusi ya Garbatulla. Alipewa kazi hiyo na mtu aliyeiona gari mjini. Nilimwambia barabara ile ni ya lori. Akasema atatembea polepole. Sikumwambia sababu yangu hasa. Hiyo ni mara ya tatu nilificha, na hiyo haina shuka wala dada wa kuogopa.

Mchana alinipigia simu. "Shem, milango imekataa."

"Imekataa kufunguka?"

"Imekataa kila kitu. Gari imekaa katikati kama punda aliyebebeshwa. Bwana harusi ametokea dirishani."

Nilifika kwa lori la mawe. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori jingine, maharusi walishachukuliwa. Hakuna aliyeumia, na hilo namshukuru Mungu kila Jumapili. Nikajilaza chini. Mhimili wa kushoto ulikuwa umefunguka kama mkebe, wa kulia umepinda, na ndani ya lami, mahali palipopaswa kuwa na bati, kulikuwa na magazeti yaliyoshindiliwa yakapakwa juu. Nilivuta kipande. Kilikuwa bado kinasomeka.

Shemeji yangu aliinama akakiangalia mkononi mwangu. Aliniuliza tu, "Siku ile ulipolala chini ya gari kwa mzee, uliona?"

Nikasema, "Niliona kutu. Magazeti sikuona."

"Lakini uliona."

"Niliona."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia.

Nilienda kwa yule mzee nikiwa na hasira. Ilikuwa rahisi kumkasirikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaapa kwamba lami aliikuta, kaka yake ndiye aliileta hivyo kutoka pwani. Siwezi kujua. Kaka yake pia huenda aliinunua hivyo. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko magazeti.

"Wewe nilikuona umetoka chini na bisibisi. Nilishika mkono wa huyu mtu muda mrefu, nikikungoja wewe. Ukanyamaza. Nikasema basi, fundi wake ameridhika."

"Mzee, mikono ilikuwa chini ya shuka. Mtu wa tatu haongei."

"Mtu wa tatu ni mpita njia!" akasema. "Aliyeletwa kuwa jicho la mnunuzi si mtu wa tatu. Huyo anamgusa bega. Akimgusa bega, mikono inaachana, hakuna ugomvi, kila mtu anaenda kwake. Hukufundishwa hiyo?"

Sikuwa nimefundishwa. Ama nilifundishwa na sikushika. Nimeuliza watu wengine wa soko na wote wanasema ndivyo, bega. Maisha yangu yote nimekuwa nikiheshimu nusu ya sheria.

Gari ilivutwa mpaka kwa boma la dada ikakaa. Baada ya miezi akatokea mtu wa Meru aliyesikia habari zake. Alitaka kuinunua nzima, aitengeneze pole pole, na bei aliyoitaja ingerudisha ngamia wawili. Shemeji yangu alikuja gereji kabla ya siku ya huyo mtu kufika. Alisimama, akaangalia mkebe wangu wa lami.

"Inyooshe tu, milango ifungwe. Upake chini. Si mimi nilianza hayo mambo. Na ni ya dada yako, si yangu."

Hiyo ilikuwa kweli pia. Niliinyoosha, milango ikafunga. Sikupaka.

Mnunuzi alipofika sikuitwa na upande wake. Nilikuwa nimesimama na ndugu zangu. Aliuliza, "Chini iko namna gani?" Shemeji akaangalia ukuta. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. Mikono ilikuwa haijashikana. Nikasema, "Chini imeoza. Lala uone mwenyewe."

Alilala, akaona. Hakukasirika, alinishukuru. Akanunua injini na gia peke yake, akabeba kwa pikapu, na kwa alicholipa, dada alinunua mbuzi wachache. Bodi ilibaki pale, pua wazi.

Pikapu ilipoondoka dada alinijia. Hakupaza sauti.

"Siku ya kununua ulinyamaza. Siku ya kuuza ukaongea. Sasa niambie, wewe ni fundi wa nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikutaka mtu mwingine atoke dirishani siku ya harusi yake. Ni kweli, nilifikiria hivyo. Lakini yeye pia alikuwa mtu, na siku yake nilikuwa na nafasi mbili. Nikasema, "Sijui, dada." Akarudi ndani.

Siku hizi maziwa ya ngamia wake mmoja aliyebaki hayatoshi, anauza ya ngamia wa wengine, anapewa sehemu yake. Wale watoto wa mwisho bado wako shule. Shemeji yangu huja gereji, tunaongea, hata tunacheka, na yeye hajawahi kutaja tena. Ninaamini amenisamehe. Yeye alipata walau ile sauti.

Mwezi uliopita walipata tuktuk ya kununua, ya mitumba, ili shemeji afanye kazi mjini. Iliegeshwa karibu na gereji yangu, ng'ambo ya barabara. Dada alikuja na fundi mwingine, kijana makini wa kutoka Maua, simfahamu. "Habari ya kazi, fundi," dada akanisalimia akipita. Nikajibu nzuri. Kutoka pale nilipokuwa niliona gurudumu la nyuma limeinama kuingia ndani, kidogo sana, kama mguu wa mtu aliyechoka. Muuzaji alikuwa tayari ananyoosha mkono. Niliacha spana, nikavuka barabara mbio mpaka pikipiki ikanipigia honi, nikamgusa dada bega.

"Gurudumu la nyuma," nikasema. "Ekseli imepinda."

"Najua," akasema. "Huyu ameshaniambia."

Yule kijana alinitazama, akanisogezea nafasi kwa adabu nami niangalie. Nikamwambia hapana, aendelee. Nikangoja magari yapite, nikarudi upande wangu.